Kumfundisha Kijana Kuinuka Baada ya Kukosea: Mwongozo Kamili wa Wiki 12 kwa Makocha na Walezi wa Timu za Mtaa Kigoma

Makocha wa timu za mtaa, walimu wa michezo na wazazi wengi hukwama mahali pamoja. Timu inaanza vizuri, vijana 20 wanafika kila jioni, kisha zinakuja mechi mbili za kufungwa na wiki inayofuata wamebaki 9. Mmoja anatupa jezi chini akitolewa. Mwingine anakosa penalti, na tangu siku hiyo hataki kabisa kupiga.

Mtu mzima naye hujibu kwa moja ya njia mbili: hotuba ndefu ya kutia moyo, au ukali, yaani fimbo na mizunguko kumi ya uwanja. Hotuba huisha nguvu kabla kijana hajafika nyumbani. Ukali humfundisha kuficha makosa. Vyote viwili vinakosa kitu kilekile: havimwonyeshi kijana afanye nini katika zile sekunde chache baada ya kukosea.

Ustahimilivu ni ustadi, na ustadi hufundishwa kwa kurudia, kwa ugumu unaopanda polepole, chini ya mtu mzima anayeaminika. Mwongozo huu umepangwa kwa timu ya mpira wa miguu au netiboli ya vijana wa miaka 12 hadi 16. Kocha wa riadha au mlezi wa kikundi cha ngoma anaweza kubadili mazoezi na kuacha mpangilio ulivyo.

## Vinavyohitajika

- Vijana 16 hadi 20 na watu wazima 2. Penye wasichana, mmoja wa watu wazima awe mwanamke.
- Wiki 12, siku 3 kwa wiki, dakika 75 kila siku. Kigoma jua huzama karibu saa 1 jioni, hivyo anza saa 10:30 na umalize saa 11:45, ili kijana anayeishi Bangwe au Kibirizi afike kwao kungali na mwanga.
- Mipira 6. Ikiwa 4 tu ndiyo inayopatikana, gawa vikundi vya watu watano.
- Chupa 20 tupu za maji za nusu lita, zilizotiwa mchanga hadi nusu. Hizi ndizo koni zako, na upepo wa ziwani hauziangushi.
- Kamba ya mita 10 yenye fundo kila baada ya mita 1.
- Filimbi, na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde.
- Daftari dogo kwa kila kijana na daftari kubwa moja la kocha.
- Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko na bomba, maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa. Kila kijana aje na kikombe chake, kwa sababu kikombe kimoja cha timu nzima hueneza magonjwa ya kuhara.
- Sabuni, bandeji, glavu za huduma ya kwanza na pakiti 2 za taulo za kike. Msichana asikose mazoezi siku nne kila mwezi kwa kukosa kitu cha bei ndogo.

Mkiweza, wekeni na sufuria ya uji. Kijana aliyekula mara ya mwisho asubuhi atazira, atakasirika na kuchoka mapema, na kocha ataandika kwamba hana moyo. Ana njaa. Mpe kikombe cha uji, halafu umpime.

## Hatua ya 1: Nenda nyumbani kwake kabla ya kuanza

Tembelea kila nyumba kwa dakika 15 hadi 20. Piga hodi, salimu, kaa pale unapokaribishwa, kisha uliza mambo matatu: kijana anafanya kazi gani nyumbani, analala saa ngapi, na nani humsikiliza akiwa na shida.

Majibu ndiyo yatakayopanga ratiba yako. Katika familia za uvuvi wa dagaa, kazi hufuata mwezi: wavuvi huvua usiku kwa taa, kwa hiyo siku za giza ndizo za pilika mwaloni, na siku za mbalamwezi kazi hupungua. Kijana anayeamka alfajiri kusaidia kuanika dagaa hawezi kubeba mazoezi mazito jioni hiyohiyo. Chora kalenda ya mwezi kwenye daftari kubwa, weka wiki nzito kwenye mbalamwezi na nyepesi kwenye giza. Vijana wa miaka 13 hadi 18 wanahitaji usingizi wa saa 8 hadi 10. Anayelala kwa muda wa saa 5 tu atakuwa na hasira za karibu, na hakuna zoezi linaloziba pengo hilo.

Swali la tatu lina uzito kuliko yote. Emmy Werner na wenzake walifuatilia kwa miongo kadhaa watoto waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii. Karibu theluthi moja ya watoto waliokulia kwenye hali ngumu zaidi walikua watu imara, na jambo lililojirudia katika maisha yao ni kuwepo kwa angalau mtu mzima mmoja wa kudumu aliyewajali, hata kama hakuwa mzazi. Kijana akikosa jibu la swali hili, mwandike kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lako. Mmoja wenu, wewe au mwenzako, atamsalimia kwa jina kila siku na kumuulizia asipofika.

Umefanikiwa ikiwa: mzazi au mlezi anajua siku na saa za mazoezi, amekubali kwa mdomo wake, na ana namba yako ya simu.

## Hatua ya 2: Pima muda wa kurejea

Wiki ya kwanza usifundishe kitu. Wacheze, wewe uhesabu.

Kipimo kikuu cha mwongozo huu ni muda wa kurejea: sekunde zinazopita tangu kijana akosee hadi afanye jambo lenye faida kwa timu. Kupoteza mpira ni kosa. Kushika kiuno, kumlaumu mwenzake, kutazama chini na kufunga kamba za viatu visivyofunguka, yote ni muda unaopotea. Sekunde anayogeuka kukimbilia nafasi yake, saa inasimama.

Chezesha mechi ya dakika 20. Mtu mzima mmoja anachezesha, wa pili anaangalia vijana wanne tu kwa wakati mmoja na kuandika sekunde za makosa matatu ya kila mmoja. Kwa siku tatu mtakuwa mmepima wengi wao, waliobaki wapimwe wiki ya pili. Msishangae mkikuta sekunde 15 au 20.

Kipimo cha pili ni kukimbia dakika 12 kuzunguka uwanja. Andika mizunguko, kisha andika jambo jingine: alianza kutembea dakika ya ngapi, na baada ya kutembea alikimbia tena au la? Swali hilo la mwisho linaeleza mengi kuliko idadi ya mizunguko.

Msiwasomee matokeo hadharani. Kila mmoja aone ya kwake, kwenye daftari lake.

Tahadhari: usipime siku ya mtihani shuleni, siku ya msiba, wala jioni ya joto kali. Utapima siku, hutapima kijana.

## Hatua ya 3: Kanuni tatu, zilizoandikwa na wao

Kaeni kivulini dakika 30. Waulize: tukifungwa tutafanya nini, na mwenzetu akikosea tutamwambia nini? Waandike kanuni zisizozidi tatu kwa maneno yao. Zikizidi tatu hakuna atakayezikumbuka mpira ukianza.

Wewe nawe uahidi mbele yao mambo matatu: hakuna fimbo wala tusi, hakuna kunyimwa maji, na hakuna kukimbia kama adhabu. La mwisho makocha wengi hulipinga. Sababu yake ni kwamba kijana aliyeadhibiwa kwa mbio miaka mitatu ameshajifunza kuwa jasho ni aibu, na huwezi kumwomba kesho alipende jasho hilohilo. Kwa utovu wa nidhamu tumia kukaa nje dakika 5, kisha arudi na aanze upya bila kukumbushwa.

## Hatua ya 4: Badili namna ya kusifu

Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio kuhusu watoto waliosifiwa kwa njia tofauti baada ya kufanya vizuri. Waliosifiwa kwa akili zao walielekea kuchagua kazi rahisi baadaye, na walipokutana na kazi ngumu walikata tamaa zaidi kuliko waliosifiwa kwa bidii. Mtoto anayeitwa hodari kila siku ana kitu cha kupoteza akijaribu jambo gumu.

Lakini msidhani kwamba kubadili maneno peke yake kutabadilisha kijana. Sifa ya bidii isiyo na kitu nyuma yake, “umejitahidi, umejitahidi,” vijana huisikia kuwa ni huruma, na wako sahihi. Sifu kitendo ulichokiona, kitu anachoweza kukirudia kesho:

- Acha “Wewe ni mkali, dogo.” Sema “Uliinua macho kabla ya kupokea, ndiyo maana ukamwona Juma.”
- Acha “Pole, mtashinda siku nyingine.” Sema “Bao la pili lilitoka upande wa kushoto. Wiki hii tutashughulikia upande huo.”
- Acha “Huna moyo.” Sema “Ulisimama sekunde 12 baada ya kupoteza. Kesho tutafute 8.”

Mtu mzima wa pili akuhesabie. Katika mazoezi ya dakika 75, sentensi za kutaja kitendo zizidi zile za jumla. Siku za mwanzo zitakuwa chache sana, na ndiyo kazi yako ya kujifunza.

## Hatua ya 5: Mfundishe njia ya kurejea

Wiki ya 3. Kila kijana atengeneze njia yake yenye vipande vitatu, visivyozidi sekunde 6 kwa jumla.

1. Pumzi. Moja tu. Vuta kwa pua, toa kwa mdomo, na utoaji uwe mrefu kuliko uvutaji. Kutoa pumzi polepole hushusha mapigo ya moyo. Nje ya mchezo wazoeze kwa hesabu ya 4 kuvuta na 6 kutoa, mara 5 mfululizo, mwanzo wa kila zoezi.
2. Neno. Fupi, la kwake, kwa lugha anayoiota, iwe Kiswahili au Kiha. “Haya.” “Unaofuata.” “Rudi.” Mkataze maneno ya kujitukana. Anayejiita mpumbavu uwanjani anarefusha muda wake wa kurejea.
3. Hatua mbili. Miguu itembee kuelekea nafasi yake. Mwili ukishaanza kwenda, akili hufuata.

Kisha aandike kwenye daftari sentensi tatu za “kama… basi”. Mfano: “Kama nikipoteza mpira, basi natoa pumzi na kumkimbilia aliyeuchukua.” “Kama refa akinionea, basi namkabidhi nahodha maneno yote.” Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba mipango ya aina hii humsaidia mtu kutenda alichokusudia, kwa kuwa uamuzi umefanywa mapema na tukio lenyewe linakuwa ukumbusho. Nia ya jumla, “nitakuwa imara,” haina ukumbusho wowote ndani yake.

Hapa watu hukosea kwa haraka: wanafundisha njia hii siku moja, kisha wanategemea ionekane kwenye mechi ya Jumamosi. Haitaonekana. Irudieni mara 10 kila siku ya mazoezi kwa wiki mbili, na makosa ya kutengenezwa. Mwenzake anampokonya mpira, yeye anapita vipande vitatu, anarudi. Ni zoezi la kuchosha na vijana watacheka. Waache wacheke, lakini wamalize yote kumi.

Umefanikiwa ikiwa: mwisho wa wiki ya 4 zaidi ya nusu ya timu inarejea chini ya sekunde 8 bila kukumbushwa.

## Hatua ya 6: Ugumu uliopimwa

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo timu nyingi huharibika, ama kwa kurahisisha kupita kiasi au kwa kukaza kupita kiasi.

Kanuni ni saba kwa kumi. Zoezi lifae kama kijana anapatia mara 6 hadi 8 katika majaribio 10. Akipatia 9 au 10 hajifunzi kustahimili, anajifurahisha. Akipatia 4 au pungufu hajifunzi pia. Anajifunza kwamba bidii haina faida.

Mfano. Weka chupa mbili kwa upana wa mita 1, zikiwa umbali wa mita 12 kutoka alipo. Apige pasi 10 za chini kwa mguu dhaifu. Zikipita 9, punguza upana hadi sentimita 70. Zikipita 4, panua hadi mita moja na nusu. Kila kijana ana upana wake, na upana huo huandikwa kwenye daftari na tarehe. Baada ya wiki tatu anaona kwa macho yake kwamba lililomshinda sasa analiweza. Kumbukumbu hiyo ndiyo hujenga kujiamini, na ndiyo maana daftari halikwepeki.

Kuanzia wiki ya 6 ongeza shinikizo. Tabaka moja kwa wiki, kamwe mawili kwa pamoja:

Wiki ya 6, uchovu. Mbio za mita 20 kwenda na kurudi mara 6, pumziko la sekunde 15, kisha zile pasi 10. Alama zitashuka. Waambie mapema kwamba zitashuka, na kwamba mnatafuta kuzipunguza kushuka, si kuzizuia.

Wiki ya 7, macho ya watu. Penalti moja tu kwa kila kijana, timu nzima imepanga mstari kimya, matokeo yanaandikwa ubaoni. Mita 11 kwa wakubwa, 9 kwa wadogo wa miaka 12. Penalti moja ina uzito ambao penalti tano hazina. Anayekosa anapita njia yake ya kurejea mbele ya wote, na timu inampigia makofi kwa njia hiyo. Msipige makofi ya huruma kwa penalti aliyokosa.

Wiki ya 8, kitu cha kupoteza. Vikundi vinne vinashindana, wa mwisho hukusanya vifaa na kubeba ndoo. Adhabu iwe ndogo na yenye heshima.

Wiki ya 9, uonevu. Mwanzoni mwa wiki sema wazi: “Wiki hii kutakuwa na maamuzi mabaya ya refa, sitawaambia lini.” Katika mechi ya dakika 20 toa maamuzi mabaya matatu: kona isiyo kona, faulo isiyokuwepo, bao halali ulilolikataa. Hesabu sekunde za timu nzima kurejea. Mechi ikiisha eleza yote matatu na ukiri kwamba yalikuwa ya makusudi. Usipoeleza, umewafundisha kwamba kocha haaminiki, na kazi ya Hatua ya 1 imekufa.

Kuna tabaka jingine ambalo Kigoma hutoa bure. Jua la jioni huelekea ziwani, na golikipa anayetazama magharibi hupofushwa. Usiwahamishe. Weka makipa wote wawili upande huo kwa zamu za dakika 10, na waulize wamebuni nini: kusimama hatua mbili mbele, kutumia kivuli cha mkono, kumwomba beki awe macho yake. Mvua nayo vivyo hivyo, ilimradi hakuna radi. Radi ikisikika, wote ndani mara moja, hakuna mjadala wala ushujaa.

Simamisha zoezi papo hapo ukiona: kijana anatetemeka au kulia bila kuweza kusema, anashindwa kupumua vizuri, analalamika kifua au kizunguzungu, au wenzake wameanza kumcheka. Punguza tabaka, usimpunguze yeye. Kesho arudie kiwango cha wiki iliyopita.

Na kila wiki ya nne iwe nyepesi: siku 2 badala ya 3. Ustahimilivu hukua kwenye pumziko kati ya ugumu na ugumu. Kocha asiyepumzisha hupata vijana walioumia nyonga na magoti, na waliochoka rohoni.

## Hatua ya 7: Siku tatu baada ya kufungwa

Mpangilio huu ufuatwe hata mkishinda, lakini umuhimu wake utauona mkifungwa 5-0 uwanja wa jirani huku watu wa Mwanga wote wakitazama.

Dakika 10 za kwanza. Hakuna uchambuzi. Maji, kupeana mikono na wapinzani, kuhesabu kama kuna aliyeumia. Kocha aseme sentensi moja tu, ya kutaja saa ya kukutana tena. Damu bado inachemka, na neno lolote la lawama likitamkwa hapa hukumbukwa miaka.

Wazazi waambiwe mapema, kwenye kikao cha wiki ya 2, kwamba njiani kuelekea nyumbani hawachambui mechi. Mzazi auliza, “Umeumia mahali?” na “Unataka kula nini?” Basi. Kijana akianzisha mwenyewe, asikilizwe.

Ndani ya saa 24. Kijana anaandika mistari minne kwenye daftari: kilichokuwa mikononi mwangu nikafanya vizuri, kilichokuwa mikononi mwangu nikakosea, kisichokuwa mikononi mwangu, jambo moja nitakalolifanyia kazi. Asiyeandika vizuri aseme, na mwenzake amwandikie. Mstari wa tatu usifutwe. Refa mbaya yupo, uwanja wa mashimo upo, na kumlazimisha kijana adai kila kitu ni kosa lake ni kumdanganya.

Siku ya tatu. Mazoezi yanaanza na dakika 15 za kukaa duara. Kila mmoja anasoma mstari wa nne tu. Chagueni mawili yanayojirudia, na dakika 40 zinazofuata ziwe za hayo mawili. Timu lazima ione kwamba kufungwa kumezaa zoezi. Kufungwa kusikozaa zoezi ndiko kunakowafukuza vijana.

Siku hii pia inafaa kuwaonyesha matokeo ya Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni wa Tanzania, yakiwa yameandikwa wima ubaoni bila maelezo: Olimpiki ya Rio 2016, nafasi ya 5. Mashindano ya Dunia London 2017, shaba. Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika 2021, nafasi ya 7. Olimpiki ya Paris 2024, nafasi ya 17. Boston 2025, wa pili. Mashindano ya Dunia Tokyo, Septemba 2025, dhahabu, kwa saa 2:09:48, muda uleule na Amanal Petros wa Ujerumani aliyepitwa kwa sekunde 0.03 tu. Waulize: ungekuwa yeye, ungeacha mwaka gani? Wengi wataonyesha nafasi ya 17, iliyokuja mwaka mmoja tu kabla ya dhahabu. Wape dakika kumi wabishane, usiwahitimishie.

Ikiwa Mashujaa FC wanacheza nyumbani Uwanja wa Lake Tanganyika wiki hizo, wapelekeni. Kila kijana achague mchezaji mmoja na kuhesabu sekunde zake za kurejea baada ya kila kosa. Watagundua wenyewe kwamba wachezaji wa Ligi Kuu hukosea sana.

## Hatua ya 8: Itoe uwanjani, ipeleke darasani

Ustadi uliojifunzwa kwenye mpira hauhami wenyewe kwenda kwenye hesabu. Unahamishwa.

Wiki ya 10 kila kijana achague jambo moja nje ya uwanja linalomshinda: hisabati za darasa la saba, kusoma kwa sauti mbele ya darasa, kuamka kwa wakati. Afanye yaleyale: saba kwa kumi, sentensi moja ya “kama… basi”, daftari. Kwa hesabu ina maana achague maswali 10 ambayo anaweza kupatia 7, si ya mwisho wa kitabu. Dakika 20 kwa siku, siku 5. Mwalimu wake aombwe kutia saini mara moja kwa wiki.

## Mahali watu hukwama

Muda wa kurejea haushuki baada ya wiki 5. Kagua usingizi na chakula kwanza. Kisha kagua kama zoezi limekuwa gumu kuliko saba kwa kumi. Mwisho kagua nani anapiga kelele pembeni: mara nyingi kijana hasimami kwa sababu ya kosa, anasimama kumtazama baba yake.

Mchezaji bora anasusa. Huyu ndiye aliyesifiwa uhodari tangu utoto. Mpe kazi asiyoiweza, kwa mfano golikipa kwa dakika 10, mbele yako tu, si mbele ya watu. Ajifunze kukosea faraghani kabla ya kukosea hadharani.

Mkimya haonekani kuwa na tatizo. Sekunde zake ni 3, lakini hajaribu kitu. Kurejea haraka kwa asiyethubutu si ustahimilivu. Kwake hesabu majaribio magumu kwa mechi, lengo liwe kuongeza moja kila wiki.

## Pale ambapo si kazi ya kocha

Kuna maumivu yasiyotibiwa kwa mazoezi. Kijana aliyebadilika ghafla kwa wiki mbili au zaidi, asiyelala, anayekonda, anayesema hana haja ya kuishi, mwenye alama za kipigo au anayeogopa kurudi nyumbani: msikilize, usimlazimishe kusimulia, usimwahidi siri. Siku hiyohiyo wasiliana na ofisa ustawi wa jamii wa kata au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba 116 ni ya huduma ya simu kwa mtoto, nayo ni bure. Anayesema anataka kujiua asiachwe peke yake hata kidogo, apelekwe kituo cha afya.

Kumwambia kijana wa namna hii akaze moyo ni kumwongezea mzigo.

## Hatua ya 9: Wiki ya 11 na ya 12

Wiki ya 11 punguza nusu ya mazoezi, acha tabaka zote. Wiki ya 12 rudia vipimo vya Hatua ya 2 kwa mpangilio uleule: mechi ya dakika 20, makosa matatu kwa kila mmoja, na dakika 12 za kukimbia.

Matokeo mazuri yanafanana hivi: muda wa kurejea umeshuka hadi nusu au chini yake, aliyekuwa akitembea anatembea kisha anakimbia tena, na angalau vijana wanne wanawaambia wenzao “unaofuata” bila kutumwa. Mahudhurio baada ya kufungwa yasipungue kuliko baada ya kushinda. Kipimo hiki cha mahudhurio kiandikwe kwa herufi kubwa, maana ndicho kilichoshindikana mwanzoni kwa timu nyingi.

Ambaye hajafika hakuanguka. Linganisha na namba zake za wiki ya 1 tu, na umwonyeshe upana wa chupa alioanza nao.

Pumzisheni wiki 2 kamili, bila mazoezi ya siri. Mkirudi, chagueni wanne wa kundi hili wawe wasaidizi wa kundi jipya. Kila mmoja apewe vijana wanne, saa na kalamu, na kazi moja tu kwa wiki ya kwanza: kuhesabu sekunde na kunyamaza.